Mkopo Ulipunguzwa au Ulikataliwa?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni muuzaji wa samaki katika soko la Kibuye, Kisumu. Hivi karibuni niliomba mkopo, nikaletewa barua iliyosema kwamba ombi langu lilikuwa "turned down". Kwa kuwa ndani ya matatu husikia abiria wakimwambia kondakta "turn down the music", nilidhani mkopo umepunguzwa, nikaenda kuuliza kiasi kilichobaki. Walinicheka. Nilikosea wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuchekwa, maana hoja yako ilikuwa na mantiki. "Turn down" hubeba maana zote mbili, na kinachoamua ni jina linaloandamana nayo. Ikitajwa redio, jiko au taa, maana ni kupunguza: ikumbuke kandili ya mafuta, ambayo ukizungusha kile kifundo cha ubavuni utambi hushuka na mwanga hufifia. Ombi, kazi au posa havina kifundo cha kuzungushwa, navyo hukataliwa. "Turn up" nayo ni kuongeza sauti, na vilevile ni kutokea mahali, mara nyingi bila kutarajiwa, kama mgeni anayebisha hodi sufuria zikiwa zimeshaoshwa.

Sisi tukitaka maana nyingine hubadilisha mwisho wa kitenzi: mtu hugeuka, hugeuza gari, humgeukia jirani ili asaidiwe. Mwingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo na kukiongezea kijineno, kwa hiyo kijineno hicho hufanya kazi ya viambishi vyetu, wala hakifai kurukwa katika kusoma. Dereva atokaye Nakuru kwenda Kisumu, afikapo Mau Summit, huiacha barabara ya Eldoret na kushika ya Kericho. Huko kuiacha barabara kuu huitwa "turn off", maneno yale yale ya kuzima taa.

Lipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, walimu wengi hulipita haraka mno. "Turn down the offer" na "turn the offer down" zote ni sahihi, lakini likitumiwa "it" ni lazima likae katikati: "turn it down". "Turn to", yaani kumgeukia mtu, haitenganishwi kamwe. Husemwa "turn to me".

Kuhusu barua yako, kama wangalipunguza kiasi cha mkopo, neno ambalo ungaliliona ni "reduced".