Visheti kwa mkoba, vileja kwa kaimati: je, tunaingia kwenye riba?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Wete, Pemba. Napika visheti, vileja na achari ya embe. Jirani yangu mmoja anasuka mikeka na mikoba ya miyaa, mwengine anashona kofia za viua. Pesa kwetu ni ngumu, kwa hivyo tunabadilishana: nampa ndoo ya visheti, ananipa mkoba. Kwa upande wa kofia, tumekubaliana nimpelekee chakula kila Ijumaa mpaka aimalize, na kofia moja huchukua miezi. Mara nyengine nampa mpishi mwenzangu vileja, naye hunipa kaimati au mkate wa kumimina. Wifi yangu katoka darsani anasema kubadilishana chakula ni riba. Na unga na sukari anavinunua mume wangu. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, ndoo yako ya visheti kwa mkoba wa miyaa ni biashara ya halali, haina riba ndani yake. Wifi yako naye hakukosea kukuhofia, ila alichokisikia kinahusu sehemu moja tu ya hayo unayoyafanya.

Msingi wa jambo hili ni hadithi ya sahaba Ubada bin Swamit, aliyoipokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kikibadilishwa kimoja kwa jinsi yake, yaani aina ile ile, basi viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Zikitofautiana jinsi, uzeni mtakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Kuvunja masharti hayo ndiyo riba ya kubadilishana. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, sababu iliyomo katika vile vinne vya mwisho ni kuwa ni chakula, kwa hivyo hukumu yake inaenea kwenye mchele, muhogo, sukari na kila kinacholiwa. Mkoba hauliwi. Mkeka hauliwi. Chakula kikikutana na kisicholiwa, sharti la usawa linaondoka, na hata la kupeana papo kwa papo linaondoka. Unaweza kumpa visheti leo, naye akakuletea mkoba ulio tayari kesho kutwa, mkiwa mmeuona na mmekubaliana.

Wengi hutaka kujua pia kama ni lazima watamke "nimekuuzia, nimenunua". Wanazuoni wetu wa zamani walishurutisha matamko, lakini Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, alichagua kuwa kila ambacho watu wa mahali wanakihesabu ni kuuziana, basi ni kuuziana, hata kama mtu ameweka ndoo na kuchukua mkoba bila ya neno. Hilo linakutosheni.

Sasa tuje kwenye vileja kwa kaimati, maana hapa ndipo penye lile la wifi yako. Kileja ni unga wa mchele, kaimati ni unga wa ngano. Hizo ni jinsi mbili, kwa hivyo si lazima vilingane, vileja kumi kwa kaimati thalathini hakuna neno. Lakini mpeane palepale kabla hamjaachana. Usimpe vileja asubuhi ukamwambia akuletee kaimati magharibi. Ama vileja kwa mkate wa kumimina, vyote viwili ni mchele, na hapo usawa unatakiwa. Usawa wenyewe utaujuaje, na kimoja kimekauka kwenye moto na kingine kina maji na tui? Kwa sababu hiyo Mashafi wamekataa kuuziana vyakula vya jinsi moja vilivyopikwa. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine waliolegeza, lakini wewe huna haja ya kuingia katika khitilafu, kwa sababu njia ya kutokea ni nyepesi na aliionyesha Mtume mwenyewe. Sahaba wake Bilal alimletea tende nzuri aina ya barni, akaeleza kwamba alitoa pishi mbili za tende duni akapata pishi moja ya hizo. Mtume akasikitika, akasema hiyo ndiyo riba yenyewe, kisha akamfundisha: uza zile zako kwanza, halafu nunua hizi kwa thamani uliyoipata. Basi na wewe muuzie mwenzio vileja kwa shilingi, pokea, kisha nunua mkate wake. Noti ileile ikirudi mkononi mwake dakika ile ile haidhuru, maadamu kila uuzaji umesimama peke yake.

Kofia ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Mliyokubaliana ni kwamba chakula kitakuja baadaye, kidogo kidogo, na kofia nayo itakuja baadaye. Hiyo ni ahadi kwa ahadi, deni kwa deni, na wanazuoni walio wengi wanaikataza. Hekima yake mnaweza kuionja nyinyi wenyewe: miezi inapita, wewe unahesabu Ijumaa ulizopeleka, yeye anahesabu viua alivyoshona, hakuna aliyeandika, na kila mmoja anaona kadhulumiwa.

Ukitaka kulipa kabla, sharia imekuwekea biashara ya salam, yaani kulipa yote mwanzo na kupokea kitu baadaye. Sahaba Ibn Abbas amepokea kutoka kwa Mtume kwamba mwenye kutanguliza malipo atangulize kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Maana yake chakula chote ukikabidhi siku ya makubaliano, na kofia isifiwe sawasawa: namba yake, rangi ya uzi, aina ya viua, na mwezi wa kukabidhiwa. Najua kupika chote kwa siku moja ni mzigo. Kwa hivyo mimi nakushauri hivi: kila Ijumaa muuzie chakula kwa mkopo wa shilingi. Leo visheti vya elfu sita, wiki ijayo achari ya elfu nne, na muandike kwenye daftari, kama Allah alivyoamrisha madeni yaandikwe katika Suratul Baqara aya ya 282. Kofia ikiisha, mtapatana bei yake, na deni lake kwako litakatwa hapo. Isipoisha, au usipoipenda, bado unamdai shilingi zinazojulikana. Kulipa deni kwa kitu kingine kuna asili yake: sahaba Ibn Umar alikuwa akiuza ngamia kwa dinari, sarafu za dhahabu, akapokea dirhamu, sarafu za fedha, badala yake, na Mtume akamruhusu kwa bei ya siku ile, wasiachane na kitu kimebaki baina yao.

Lipo jambo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Majirani wanaoneana muhali. Mkeka ni kazi ya wiki nzima, pengine zaidi: kukata miyaa, kuanika, kutia rangi, kusuka ukili, kisha kushona. Ukimpelekea ndoo ya visheti akapokea kwa kuwa ameona haya kukwambia haitoshi, moyo wake haukuridhia, na Allah katika Suratun Nisaa aya ya 29 ameifungamanisha biashara na kuridhiana. Mtume amesema mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Basi muulize waziwazi, mtajie mkeka kama ule unauzwaje sokoni, na umpe nafasi ya kukataa. Naye vilevile akwambie kama ukili umekatika mahali, na wewe umwambie kama achari ni ya msimu uliopita. Mtume alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na maji, akasema anayeghushi si katika mimi.

Mkitaka kupeana kwa mapenzi tu, peaneni. Sahani ya vileja inayokwenda kwa jirani na kurudi na mkate wa kumimina, bila ya kudaiana, ni hidaya, na hidaya haina hesabu hizi zote. Mtume aliwaambia wanawake wa Kiislamu jirani asidharau zawadi ya jirani yake hata kama ni kwato ya mbuzi. Kipimo ni hiki: asiporudisha kitu, utamdai? Ukiwa utamdai, hiyo ni biashara.

Unga na sukari vya mume wako ni amana mkononi mwako. Vya kulisha nyumba usivifanyie biashara mpaka akuruhusu, na akikuruhusu, mueleweshane tangu mwanzo mkoba na kofia ni vya nani. Akikataa, anza na unga wako mwenyewe hata kama ni kilo moja. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume, alikuwa akisindika ngozi na kushona kwa mkono wake, na pato lake akilitoa sadaka.

Wallahu aalam.