Maswali ya Wasomaji: Meza Iliyopasuka na Sinia Lenye Harufu

SWALI: Ndugu Fundi, nilijitengenezea meza nyumbani, na kwa kuwa sikutaka itikisike, nilikaza uso wake kwenye fremu kwa gundi na skrubu pande zote nne. Miezi minne baadaye ukatokea ufa ulioanzia ncha moja ya uso na kufuata urefu wake hadi karibu na katikati. Je, niliuziwa mbao mbovu?

JIBU: Huenda mbao zako ni nzuri kabisa, na kilichokuponza ni huko kukaza kwako. Ubao hunyonya unyevu hewa inapokuwa na maji mengi na kuutoa hewa inapokauka, nao hauachi tabia hiyo hata baada ya kuwa meza. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini upana wake, yaani ule mwelekeo unaokatiza nyuzi, hutanuka na kusinyaa. Uso wenye upana wa sentimita 90 unaweza kubadilika kwa milimita kadhaa, na kwa miti mingine hata kukaribia milimita 10. Zile mbao za fremu zinazokatiza upana wa meza hazisinyai pamoja nao, kwa sababu nyuzi zake zimelala upande mwingine. Uso ulipotaka kujivuta na gundi ikaukatalia, ulipasuka pale palipo dhaifu, tena ufa wako ulianzia nchani kwa sababu ncha za ubao hupoteza unyevu haraka kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ondoa skrubu, kisha tumia patasi kubandua gundi taratibu. Matundu ya skrubu kwenye fremu yarefushe kwa kufuata upana wa meza, kila skrubu ipate nafasi ya milimita 5 hivi huku na huku. Zile za mstari wa katikati peke yake unaweza kuziacha zikabana, ili mwendo ugawanyike pande mbili. Usirudishe gundi.

Kuhusu ufa wenyewe, wengi huuziba kwa vumbi la mbao lililokorogwa na gundi. Mimi sipendi njia hiyo kwa ufa mrefu, kwani uso utakapotanuka tena, kile kizibo kigumu kitazisukuma kingo na huenda ufa ukasonga mbele zaidi. Ni afadhali kupasua ubao kwa msumeno kwa kufuata ufa, kunyoosha kingo zote mbili kwa randa mpaka zikikutanishwa zisipitishe mwanga, kuziunganisha kwa gundi na kuziacha katika jiriwa hadi kesho yake. Meza itapungua upana kidogo, lakini hakuna atakayegundua isipokuwa wewe.

Safari ijayo, subiri mbao zikauke vizuri. Kwa kawaida fundi hukadiria mwaka mmoja wa kuanika kivulini kwa kila milimita 25 za unene, mbao zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati na ncha zake zimepakwa rangi au nta. Usipokuwa na kipima unyevu, pima uzito wa kipande kimoja kila wiki: uzito ukiacha kushuka, ujue kimekwisha kuizoea hewa ya hapo kilipo.

SWALI: Nilichonga sinia la kuandalia chakula nikalipaka mafuta ya kupikia ili ling'ae. Sasa linanata na kutoa harufu ya uchachu. Nifanye nini?

JIBU: Mafuta mengi ya kupikia hayakauki yakawa utando mgumu, hubaki ndani ya mbao na kuharibika humo. Osha sinia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila kuliloweka, lisimamishe kwa ubavu hadi likauke, kisha pitisha msasa namba 120, halafu 180, na mwisho 220. Lifute kwa kitambaa chenye maji: ukipapasa baada ya kukauka utahisi vinyweleo vidogo vimesimama. Viondoe kwa msasa ule wa 220, la sivyo vitasimama siku ya kwanza sinia litakapooshwa. Baada ya hapo paka mafuta ya madini yaliyoidhinishwa kugusana na chakula, acha yanywewe usiku kucha, futa yaliyobaki, na ukipenda malizia kwa nta ya nyuki. Mbao zikianza kupauka, rudia.

Mafuta ya kitani yanayouzwa kwa ajili ya samani mara nyingi hutiwa kemikali za kuyakausha haraka, kwa hiyo yaache kwa viti na meza. Hata huko, kitambaa ulichoyapakia usikikunje na kukitupa pembeni, kwa kuwa mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke au kiloweke katika maji.

SWALI: Ninafanyia kazi chumbani. Je, vumbi la msasa lina madhara, au ni usumbufu tu?

JIBU: Lina madhara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vaa barakoa inayobana vizuri usoni, fungua madirisha, na piga msasa nje kila inapowezekana. Ukimaliza, usifagie, kwa kuwa ufagio hulirudisha vumbi hewani. Pangusa kwa kitambaa kibichi.