Bibi Aliyeishi Bandari Tatu: Wasifu Wake Tuuandikeje?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Nyakato, Mwanza, na ukoo umenikabidhi mimi mjukuu kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kwenye ibada ya kumbukumbu. Alizaliwa Ukerewe, akaolewa na fundi wa meli wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, wakaishi Kisumu na Port Bell, bandari ya Kampala, kisha wakarudi Mwanza kutokea Kisumu. Mjomba wa hapa Mwanza, ambaye alizaliwa baadaye, anasema walihamia Kisumu mwaka 1958 kwa meli ya Victoria. Mama mkubwa hakumbuki mwaka, ila ameambiwa kuwa safari hiyo alibebwa mgongoni. Hawaelewani pia kama walirudi kabla au baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Isitoshe, mjomba wetu mkubwa, mzaliwa wa kwanza, alibaki Kisumu na hakufika msibani, hivyo baadhi ya ndugu wanataka asitajwe. Nifanyeje?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Nianze na safari ya Kisumu, kwa kuwa kauli ya mjomba haiwezi kusimama yote. Meli ya Victoria ilianza safari zake mwaka 1961. Basi kama ni 1958, walipanda meli nyingine, na kama ni Victoria, basi mwaka si huo. Mimi naelekea kuamini kwamba kilichokosewa ni mwaka, kwani wazee wetu husahau tarakimu upesi lakini jina la chombo kilichowavusha hawalisahau. Tafuteni cheti cha ubatizo cha mama mkubwa. Mtoto wa kubebwa mgongoni hazidi miaka miwili au mitatu, na hapo mtakuwa mmeikaribia tarehe kuliko kubishana sebuleni.

Kuhusu kurudi, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katika miaka hiyo familia isingeweza kupakia vitanda na makabati melini Kisumu na kuyashusha bandari ya Mwanza kama kawaida. Muulizeni mjomba mizigo ilikuja kwa njia gani, yeye alipokelewa darasa la ngapi, na ni lini alianza kufundishwa hesabu kwa Kiswahili, maana shule zetu za msingi zilikuwa zimeanza kufundisha masomo kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960 mwishoni. Mtu aliyetoka kuhesabu kwa Kiingereza akakuta ubaoni “kipeo” na “kigawe” hawezi kusahau mwaka huo. Cheti chake cha darasa la saba kitamalizia kazi. Zigeuzeni pia picha za zamani, kwani wapiga picha wengi walikuwa wakigonga mhuri wa studio na mji nyuma yake. Mkikuta mhuri wa Kampala, msiibandike picha hiyo kwenye albamu kabla ya kuunakili.

Sasa suala la mjomba mkubwa, ambalo naona ndilo lililokusukuma uandike. Tazama mlivyokaa: mama mkubwa alikuwa mgongoni, na kwa namna unavyoeleza, mjomba wa Mwanza alikuwa hajazaliwa. Katika watoto wote, aliyepanda meli ile kwa miguu yake mwenyewe, akamwona mama yake akiiaga Mwanza, ni huyo mnayetaka kumfuta. Pengine ndiye pekee anayejua walifikia nyumba ya nani Kisumu, na bibi alijifunza Kijaluo kutoka kwa majirani gani. Wasifu nyingi zinazosomwa misibani, niseme ukweli, ni orodha ya watoto na wajukuu iliyotanguliwa na ugonjwa. Hata hiyo orodha mkiipunguza, kitabaki nini?

Kutofika msibani ni jambo la wazee kulisemea kikaoni, tena naye akiwapo au akisikiliza kwa simu, wala si la mwandishi kuliamua kwa kalamu. Mwombe mama mkubwa ampigie, kwa kuwa dada kumpigia kaka yake ni rahisi kuliko mjukuu. Asianze na lawama. Amuulize kwanza habari ya safari ile, kisha amsomee ukurasa unaohusu Kisumu, arekebishe panapohitaji. Jina lake liandikwe mahali pake, la kwanza. Pale ambapo yeye na mjomba wa Mwanza watatofautiana na vyeti havitoi jibu, andika kauli zote mbili na utaje nani kasema ipi.