Re: Ravenna kwa siku moja: kata tiketi ya saa ya kuingia Galla Placidia KWANZA

Mkuu, usilipie hiyo treni. Kama umeshafungua ukurasa wa malipo, ufunge.

Umeandika kwamba unatoka Bologna asubuhi, saa tano uko Ravenna, ule mji wa Italia wa makanisa ya kale, unaangalia mosaiki (picha za vipande vidogo vya vioo na mawe ukutani), unakula, saa tisa unageuza kuwahi treni ya kasi ya Roma. Halafu ukamalizia na kasentensi kalikonipandisha presha: "Tiketi za makanisa nimeambiwa napata palepale." Nani kakwambia? Maana mimi niliambiwa hivyohivyo na wakala wa safari pale Dar, jamaa mwenye tai na kadi inayong'aa: "Kaka, yale ni makanisa, kanisa halijai." Halijai! Huyo nina hakika Ravenna aliiona kwenye kalenda.

Sikia. Tiketi kweli dirishani zipo. Kinachoisha ni saa ya kuingia. Kile kijengo cha Galla Placidia, kaburi la karne ya 5 lenye jina la malkia wa Kirumi, ni kidogo mno, na pumzi na joto la watu vinaumiza mosaiki, kwa hiyo wanaingiza wachache kwa zamu, kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na unakaa kama dakika tano tu. Sasa mimi nilikwenda na mama mkwe, katekista wa miaka mingi kutoka Kibosho, ambaye alikuja Italia kwa ajili ya yule Mchungaji Mwema, picha ya Yesu iliyomo humo, na si kwa ajili yangu. Dirishani dada akatutazama kwa huruma: zamu iliyobaki ni ya jioni. Treni yetu ya Roma ilikuwa alasiri, tiketi za bei ya chini kabisa, zile zisizobadilishwa wala kurudishiwa hela.

Nikamwambia mama tuone kanisa la San Vitale, liko uwanja huohuo, tuondoke zetu. Akakitazama kile kijengo, matofali matupu, hakina hata nakshi, akasema, "Baba, kwa nje ni stoo ya mahindi. Lakini mimi siondoki." Utabishana na mama mkwe ugenini? Treni ikaondoka bila sisi. Tukanunua tiketi nyingine usiku, bei ya dirishani, na kesho yake Roma tukalipia chumba ambacho hatukukilalia. Wakala nilipompigia akasema, "Pole, ndiyo uzoefu." Ada yake ya "ushauri" hakurudisha hata shilingi.

Na hapa ndipo watu wanapopoteza hata zile dakika tano. Ukiingia huoni kitu. Madirisha ni ya alabasta, jiwe jembamba linalopitisha nuru, mwanga unapita wa rangi ya asali tena hafifu. Wengi wanatoa simu, wanapiga picha za giza, wanatolewa. Wewe weka simu mfukoni, simama, acha macho yazoee. Kidogo kidogo dari linafunguka: buluu nzito, nyota za dhahabu zimezunguka msalaba. Kisha geuka nyuma, JUU YA MLANGO ULIOINGILIA, maana wengi wanatoka bila kumwona. Mchungaji amekaa kati ya kondoo sita, kijana, hana ndevu, kanzu ya dhahabu, mkono mmoja umeshika msalaba na wa pili anamgusa kondoo mdomoni. Mama mkwe alinong'ona, "Mbona hana ndevu?" kisha hakusema tena mpaka tulipotolewa.

San Vitale (iliwekwa wakfu 547) utaiona kwa nafasi, humo hakuna wa kukufukuza. Mfalme Justinian wa Bizanti (Roma ya Mashariki) na mkewe Theodora wako ukutani na taji zao, na Ravenna yenyewe hawakuwahi kuikanyaga hata mmoja. Kwenye kanisa la Sant'Apollinare Nuovo tafuta ile picha ya ikulu ya Theodoric, mfalme wa Wagothi: baada ya Wabizanti kuuchukua mji mwaka 540, watu waliochorwa humo wakafutwa, yakawekwa mapazia, ila mafundi walisahau mikono. Angalia kwenye nguzo, viganja bado vipo, havina mwenyewe. Kanisa jingine, Sant'Apollinare in Classe, liko nje ya mji na lina tiketi yake, kwa ratiba yako lisahau.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: saa ya Galla Placidia mtandaoni KWANZA, treni baadaye. Ukikosa saa ya asubuhi, badilisha siku, usibadilishe mpango. Na usiunganishe na treni ya Roma siku hiyohiyo, lala.

Uliuliza pia hoteli, koti la Novemba na sijui nini kingine. Chakula: kula piadina, mkate bapa wa huko kama chapati, ila kwa kuwa umesema mwenzako ni Mwislamu, ulizeni kwanza, maana unga wake mara nyingi unakandwa na "strutto", mafuta ya nguruwe, hata kama ndani ni jibini tupu.

Hayo mengine nitajibu ukishaweka hapa saa uliyopata.