Maswali na majibu: nani kakufutia pikseli zako, na mengine ya BasePaint

Wiki hii nachukua ya BasePaint tu, ule ubao wa mtandaoni ambapo watu wengi wanachora picha moja ya siku kwa pikseli (vinukta vya rangi), maana ndo yamejaa, na naanza na la pesa kwa sababu nusu ya mlioandika mmeuliza hilohilo.

Nikichora pikseli 200 kwa siku nalipwa shilingi ngapi? (Mwanza)

Hakuna bei ya pikseli, kaka. Mnachora masaa 24, picha inafungwa, halafu inauzwa masaa 24 mengine kwa ETH 0.0026 kila nakala (ETH ni sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum), zinatoka nyingi kadiri watu watakavyonunua, na asilimia 90 ya mauzo wanagawana waliochora kwa idadi ya pikseli walizoweka. Tuseme zimeuzwa nakala 1,000, hiyo ni ETH 2.6, toa asilimia 10 inabaki 2.34, na tuseme siku hiyo zimewekwa pikseli 50,000, basi wewe wa 200 unapata ETH 0.00936. Zikiuzwa nakala 100 unapata sehemu ya kumi ya hapo. Na kumbuka brashi yenyewe ni NFT, yaani cheti cha kidijitali cha umiliki, uliyoinunua na ina kikomo chake cha pikseli kwa siku. Mi naomba anayeingia kwa hesabu ya mshahara asiingie kabisa, maana mfumo unahesabu pikseli, uzuri hauhesabu, na mauzo yakishuka tu hao ndo wanaanza kumwaga rangi ovyo juu ya kazi za wenzao ili idadi itimie, wanawaharibia watu waliokesha wakipanga kivuli cha jani moja.

Niliandika jina langu vizuri kabisa kwenye kona, mtu akaja kulifuta. Namripoti wapi? (Mombasa)

Humripoti popote, na mi ningekuwepo ningelifuta pia. Nakujibu kwa urefu kwa sababu barua za hivi zinakuja kila wiki na zinaniuma.

Angalia hizi kazi zilivyoanza. Mwaka 2005 mwanafunzi wa Uingereza, Alex Tew, aliuza pikseli milioni moja kwenye ukurasa mmoja, dola moja kila pikseli, kila mnunuzi na kiwanja chake, na kilichotoka pale ni ukuta wa matangazo. PixelMap ya Novemba 2016 ikapeleka wazo hilohilo Ethereum, ambayo ni blokicheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, vigae 3,970 vya pikseli 16 kwa 16, kila kimoja ETH 2, na mwenye kigae peke yake ndo anaweza kukibadilisha. Hapo hakuna wa kukufuta, lakini pia hakuna anayechora na wewe, jirani kaweka nembo yake na wewe yako, basi. Ikaja Satoshi's Place 2018, pikseli moja satoshi moja (kipande kidogo kabisa cha bitkoini), anayelipa anapaka juu ya yeyote, na ukipiga hesabu ubao wote wa pikseli milioni moja ni bitkoini 0.01 tu, yaani mtu mmoja mwenye hela anaweza kufunika kazi ya kila mtu.

Walichofanya Reddit, ule mtandao wa majadiliano, Aprili 2017 kwa kufungua ubao mmoja wa kuchorea wote kilikuwa tofauti, na hakikuwa na blokicheni wala malipo. Ukiweka pikseli moja unasubiri dakika kadhaa ndo uweke nyingine, kwa hiyo mtu peke yake hafanyi lolote, na watu zaidi ya milioni moja ndani ya masaa 72 ikabidi wapatane nani anakaa wapi, wengine wakawa wanalinda michoro ya majirani. BasePaint imerithi moyo huo, hamna kiwanja cha mtu, kuna mada ya siku na rangi chache mlizopangiwa wote. Mada ikiwa bahari, dada yangu, jina lako linafanya nini mle? Aliyelifunika akachora samaki ndo aliyeelewa kazi. Tena haki yako haijapotea, pikseli ulizoweka zimeshahesabiwa hata kama zimefunikwa, mgao wako upo na anwani yako ipo kwenye rekodi ya waliochora. Unachokitaka zaidi ya hapo ni bango.

Na nyie wa nembo za kampuni zenu na bendera kubwa katikati ya picha, jibu ndo hilohilo.

Nikinunua nakala, picha inakuwa yangu?

Nakala ni yako. Picha yenyewe haiwi yako peke yako.

Kwa nini isiwe saiti ya kawaida tu, blokicheni ya nini? (Kigoma)

Swali zuri, na msikubali majibu ya watu wa kripto wanaosema kila kitu lazima kiwe huko. Sababu naiona moja ya maana: rekodi ya nani kaweka nini haitegemei huruma ya mwenye saiti. PixelMap ilisahaulika miaka, 2021 watu wakaifukua, wakakuta mkataba wake, yaani programu yake iliyowekwa kwenye blokicheni, bado unafanya kazi na vigae bado vina wenyewe, wakaendelea. Ule ukurasa wa Tew upo mpaka leo ila linki zake kibao zimekufa. Lakini angalieni sana, NFT nyingi mnazonunua zimebeba linki tu na picha yenyewe iko kwenye seva ya mtu, akiacha kulipia seva mmebaki na namba. Kabla ya kununua chochote uliza picha imehifadhiwa wapi, na asiyeweza kukujibu usimpe hela.

Admini kaniandikia inboksi nisaini kitu nipate brashi ya bure, nisaini?

Hapana! Nimeshajibu hili na nitaendelea kulijibu huku watu wanaliwa. Admini wa kweli haanzi kukufuata inboksi. Kuna saini ukiiweka umemruhusu mtu ahamishe NFT zako zote za mkusanyo husika bila kukuuliza tena, na hakuna benki ya kupigia simu zirudi. Kama umeshasaini, futa ruhusa hiyo leo. Kama umetoa yale maneno 12 ya siri yanayofungua waleti yako (pochi ya kidijitali), waleti hiyo si yako tena, fungua mpya na uhamishe kilichobaki sasa hivi, usimalize hata kusoma hapa. Na waleti ya kuchorea iwe tofauti na unayowekea akiba, kwa sababu anwani yako inaonekana na dunia nzima pamoja na kila kilichomo.

Ethereum si inamaliza umeme?

Iliacha uchimbaji, yaani kompyuta kushindana kupiga hesabu ili kuthibitisha miamala, Septemba 2022, matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Base, mtandao ambao BasePaint inatumia, unaegemea hapo.

Sijui kuchora, naweza kushiriki? (Arusha)

Unaweza, na watu kama wewe wanahitajika kuliko wachora nyuso. Subiri mchoro uanze kushika umbo, halafu tafuta ukingo ulioachwa na mapengo uuzibe, au anga lililopakwa rangi moja bapa, changanya nukta za rangi mbili kwa kupishana mpaka ionekane kama kuna rangi ya tatu. Kabla ya kugusa sehemu ya mtu muulize kwenye Discord yao (programu wanayopigia soga) anaelekea wapi, wengi wanajibu, na wengine watakupa kipande cha kumalizia.