Aiskrimu bila friza: somo lenyewe liko kwenye chumvi

Dada uliyeuliza namna ya kuwafundisha wanao wa miaka 8 na 11 sayansi kwa kutengeneza aiskrimu likizo hii, ukasema friza huna: hiyo isikusumbue. Mimi hufanya hivi na wanangu pamoja na watoto wa majirani, na naona bila friza ni bora zaidi. Maziwa yakishafungiwa kwenye friza, mtoto haoni lolote linaloendelea.

Tafuta kopo la bati lenye mfuniko unaobana, hata la maziwa ya unga, na ndoo ndogo ya kuliweka ndani. Kwenye kopo tia maziwa vikombe viwili yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vinne vya chakula na vanila kidogo. Kwenye ndoo, barafu iliyopondwa kama kilo 2 na chumvi ya mawe nusu kilo. Barafu nunua kwa wauza samaki au wauza maji, bei yake ndogo.

Ila usikimbilie aiskrimu. Anza na bilauri mbili za barafu, moja yenye chumvi, nyingine bila. Waulize kabla: ipi itayeyuka haraka? Ipi itakuwa baridi zaidi? Wanangu walikuwa na uhakika kwamba inayoyeyuka haraka ndiyo yenye joto. Kisha chomeka katika kila bilauri kijiko cha chuma chenye matone ya maji, bila kukizamisha. Yenye chumvi inayeyuka upesi, na bado humo ndimo matone yanapoganda! Hapo waache wabishane, usiwahi kutoa jibu.

Jibu ni kwamba barafu ikiyeyuka inameza joto jingi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka joto karibu sawa na la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Chumvi inayazuia maji yaliyoyeyuka yasigande tena kwenye nyuzi 0, basi barafu inaendelea kuyeyuka na kunyonya joto la kila kilicho karibu, maziwa yenu yakiwemo. Mchanganyiko ukikaa sawa unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo wavae soksi mikononi au washike kwa taulo, maana baridi hiyo inaunguza ngozi. Kipimajoto cha homa hakifai hapa, hakisomi chini kiasi hicho.

Sasa wazungushe kopo ndani ya ndoo kwa zamu. Kila baada ya dakika chache futa mfuniko vizuri (chumvi ikiingia mmekwisha), fungua, kwangua kinachoganda ukutani. Kuzungusha na kukwangua ndiko kunakofanya chembe za barafu zibaki ndogo. Maziwa kidogo yaweke kwenye kikombe ndani ya barafu hiyo hiyo bila kukoroga, walinganishe kwa ulimi. Dakika ishirini au thelathini mnakula.

Wa miaka 11 atakuuliza kwa nini maziwa yapoe kwanza. Mpe habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba kule Lushoto, aliwahi nafasi ya friza kwa kuweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mwanafizikia Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Usiwaambie watoto kwamba ni kanuni isiyopingika, kwani mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima wakasema hawakuliona jambo hilo. Kama jirani ana friza, waombe nafasi wajaribu wenyewe na maji.

Maji ya chumvi yatakayobaki usimwage kwenye maua, yataua mimea. Yaanike juani kwenye sinia, mkusanye chumvi yenu kwa mzunguko wa pili.