Muulize Shangazi: "Akimgusa tu mdogo wake, mashine inapiga mluzi"

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 31 naishi Tabata Segerea, hii ni ndoa yangu ya pili. Nilikuja na mtoto wa kiume ambaye sasa ana miaka miwili na miezi minne, mume wangu naye ana binti wa miaka 10, mama yake alifariki, alikuwa kwa bibi yake Korogwe na Januari tumemchukua aje asome huku. Mwanangu hasikii vizuri masikio yote mawili, tuligundua akiwa na mwaka na miezi kama mitano manake ukimwita hageuki ila ukiwasha taa anageuka, tukazunguka weee mpaka akapimwa vizuri, akapewa mashine mbili za kukaa nyuma ya sikio na zile moldi za kuingia ndani. Ni miezi tisa sasa. Zimenitoa jasho Shangazi, nilivunja kibubu, nikapokea na mchezo wa upatu wote ukaishia hapo.

Toka huyu binti aje nyumba haikaliki. Akimgusa tu mdogo wake mashine inapiga mluzi mkali wa kutoboa sikio, nimemkanya asiziguse mpaka nimechoka, nikiwa jikoni nikisikia mluzi najua ni yeye. Mwezi uliopita betri zikawa zinaisha ovyo, pakiti ya sita ambayo huwa inanipeleka mwezi haikumaliza wiki mbili, kuja kuangalia vile vistika vya rangi ya chungwa kavibandua vyote kavipanga kwenye daftari lake la hisabati kama maua. Nilimchapa, nasema ukweli. Sasa hivi hamsogelei mdogo wake, na mimi haniongeleshi mpaka nimuulize, na mpaka leo ananiita anti.

Upande wa pili baba mtoto wangu anamchukua Jumamosi anamrudisha Jumapili jioni, mashine ziko kwenye mfuko, eti watu wanamshangaa mtoto na kwao hakuna kiziwi. Mama mkwe naye anasema nikimfundisha alama za mikono ndo hataongea milele. Mume wangu ukimwambia lolote anajibu "mtayamaliza wenyewe". Nimeshachoka, nimrudishe huyu binti Korogwe?

Mama wa Segerea

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi. Huyo binti umenitajia kwa mluzi, kwa betri, kwa vistika na kwa kukuita anti. Hamna hata mstari mmoja umeniambia anapenda kula nini, au shuleni kapata rafiki, au usiku kama analala. Basi weka hilo pembeni kwanza nikwambie huo mluzi ni kitu gani, manake naona kesi imeshahukumiwa na shahidi hajaulizwa.

Mashine ina kimaiki kidogo kwa juu, kinachukua sauti, inaikuza, inaipeleka ndani ya sikio kupitia moldi. Sauti ikipata upenyo wa kurudi nje maiki inaidaka tena, inaikuza tena, ndo huo mluzi, ni kama kwenye sherehe MC akisogea na maiki mbele ya spika mpaka watu wanaziba masikio. Huo upenyo unakuja moldi ikilegea au ikiwa haijakaa vizuri, na sauti inarudi zaidi kukiwa na kitu kimeisogelea mashine, mkono, mto, khanga, shavu la mtu. Shavu mwanangu. Mtu akimkumbatia mtoto mwenye mashine inalia hapohapo. Leo jioni mbebe mwenyewe, mlaze kichwa begani kwako uone kama haitapiga.

Kwa hiyo unavyosema "akimgusa tu inapiga", mimi naona mtoto wa miaka 10 asiye na mama alikuja kwenu akapata mdogo, akamkumbatia, mashine ikalia, na kutoka jikoni ikaja sauti nyingine inalia kuliko mashine. Akajifunza. Sasa hamsogelei.

Na kuna jingine. Moldi zimetengenezwa miezi tisa iliyopita na sikio la mtoto wa umri huo linakua kama mguu unavyoacha kiatu, wadogo hivi wanabadilishiwa moldi kila baada ya miezi michache, mashine inabaki ileile ila moldi inatengenezwa mpya. Zikilegea zinapiga mluzi hata mtoto akiwa kakaa peke yake anatafuna mkate. Nta ikijaa sikioni nayo inaleta hiyo. Rudi kliniki ya masikio mliyopimwa wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi, waangalie nta na wachukue vipimo vipya vya moldi. Na tafadhali usimpunguzie sauti ili mluzi ukome kama wengi wanavyofanya, hapo unakuwa umemnyamazisha mtoto sio mashine.

Betri sasa. Hapo binti kweli kazimaliza, ila sio unavyofikiria. Zile betri zinatumia hewa, kistika ndo kinaziba vitundu, ukikibandua tu hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata ikiwa mezani, na ukirudishia kistika haiachi. Ndo maana hata wewe unabandua ya siku hiyo tu, unaiacha dakika moja mbili ipumue ndo unaitia. Je kuna mtu alimwambia mtoto hivyo? Yeye kaona vibandiko vizuri vya rangi ya chungwa, ana daftari, kapanga maua. Mimi nina umri huu na ningebandua.

Ila hizo betri kwanini zilikuwa mahali mtoto anafikia? Hapo nakugombeza wewe. Leo kafikia wa miaka 10, kesho atafikia wa miaka miwili na atakitia mdomoni kile kibetri kama pipi. Akimeza ni hospitali saa hiyohiyo, hamna kusubiri itoke yenyewe. Zifungie kabatini juu na muulize fundi kama mlango wa betri kwenye mashine una kufuli ya watoto, nyingi za watoto zinayo. Na kwa jasho la Dar hili, usiku mashine zifungue mlango wa betri uzilaze kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vile visivyoliwa vinavyokuja kwenye viatu vipya, vikiwa vizima na kopo likiwa mbali na dogo.

Sasa huyo binti kamwombe msamaha. Najua kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, anampikia chapati halafu mambo yanaisha. Mpikie chapati, lakini na maneno useme: nilikuchapa kwa kitu ambacho hukukijua na mimi sikukueleza. Usichanganye na "ila na wewe". Halafu mfundishe kumkumbatia mdogo wake kwa upande, kichwa chake kikae kifuani bila kubana sikio, sio shavu kwa shavu, na ikilia ailaze tu moldi vizuri na kidole. Umkabidhi hilo mbele ya baba yake.

Kuna mchezo ambao utamfaa kuliko mtu yeyote hapo ndani. Anakusanya vizibo vya soda na kopo tupu la maziwa. Dogo anakaa na kizibo mkononi, dada yake yuko nyuma yake, mdomo hauonekani, anasema "aaa", dogo akisikia anatupa kizibo kwenye kopo. Halafu "uuu", halafu "iii", halafu "mmm", "shhh", na "sss". Hizo sauti sita wataalamu wanazitumia kila siku manake zinagusa za chini mpaka za juu, leo asipoitikia "sss" na jana aliitikia unajua kuna kitu, betri, nta au mashine. Siku za kwanza dogo atatupa vizibo vyote kwa mpigo na kucheka, muacheni, kwa umri wake inachukua muda kuelewa. Dakika tano asubuhi. Ila ni mchezo wao sio ajira ya huyo binti, sitaki baada ya mwezi nisikie unamuuliza "umempima mdogo wako?" kabla hujamuuliza kalalaje. Na Jumamosi dogo akiwa kwa baba yake, hizo saa ni za binti. Mpeleke sokoni, msuke nywele, mlale tu kwenye mkeka mpige stori za Korogwe.

Kuhusu kuitwa anti, liache hilo. Mimi nimelea wawili wa mume wangu Ilala miaka hiyo, mmoja aliniita "wewe" mpaka anamaliza darasa la saba, na siku ya harusi yake nani alikaa mbele? Basi.

Mumeo na lile neno lake la "mtayamaliza wenyewe" mwambie Shangazi kasema binti ni damu yake na ndoa ni yake, hamna "wenyewe" hapo. Yeye ndo azungumze na mwanae kwanza, wawili, bila wewe.

Baba mtoto naye. Usigombane naye mlangoni Jumapili mtoto anaangalia. Mwambie tarehe ya kliniki inayofuata yeye ndo ampeleke, wewe ukiwepo, amsikie mtaalamu mwenyewe, manake kutoka kwako anasikia mtalaka sio maelezo. Kitu anachotakiwa kuelewa ni kwamba mashine sio miwani ya kuvaa ukienda kusoma, ubongo wa mtoto unajifunza kusikia kwa masaa anayosikia, anatakiwa avae muda wote akiwa macho isipokuwa kuoga, kulala na akiingia baharini. Siku mbili kila wiki bila mashine ni wiki zaidi ya kumi na nne kwa mwaka. Na hiyo ya "kwetu hakuna kiziwi" haina maana, watoto wengi sana viziwi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, na inayorithiwa mara nyingi baba na mama wote wanaibeba bila kujua. Kuna homa ya uti wa mgongo, kuna manjano kali ya kichanga, kuna dawa zinazodhuru masikio, na wakati mwingine sababu haijulikani kabisa.

Mama mkwe mjibu kwa adabu. Alama hazizuii kuongea, mtoto anayepunga mkono wa kwaheri kabla hajajua kusema kwaheri mbona baadaye anasema. Mtumie vyote, mdomo na mikono, na wote hapo ndani mtumie alama zilezile sio kila mtu na yake. Waulizeni CHAVITA, chama cha viziwi, wapi mnaweza kufundishwa lugha ya alama ya Tanzania. Binti atazishika kabla yenu.

Korogwe aende likizo, akamwonyeshe bibi yake alama alizojifunza.

*

Shangazi, nimeoa mwanamke mwenye mtoto wa miaka 3 kiziwi kabisa, wanaongea kwa alama na mama yake. Mimi najua alama tatu tu: kula, kulala na acha. Nikiwa naye kwenye mwendokasi akianza kunipigia alama watu wanatukodolea, mikono naiweka mfukoni. Mama yake analalamika simpendi mtoto wakati ada nalipa mimi.

Baba wa kufikia, Kimara

*

Mwanangu, alama zako zote tatu ni amri. Hata mimi ningekukimbia. Kwenye mwendokasi mtoto anakuonyesha kitu dirishani, anataka umwambie kinaitwaje, wewe mikono iko mfukoni, ni sawa na mtoto mwingine akuulize "baba kile nini" uzibe mdomo na kiganja. Wanaokodoa wanashuka Ubungo, hutawaona tena.

Jifunze kutoka kwake huyohuyo. Alama moja kwa siku, na ianze na anachokipenda yeye, kuku, pikipiki, embe, sijui. Ukimwita usipige kelele, mguse bega au gonga meza asikie mtikisiko, au zima na washa taa. Na jioni umeme ukikatika kumbuka yeye ndo anakatiwa na maneno, hakuoni mikono wala uso, ndo maana wengine wanalia sana giza likiingia na watu wanasema ana deko. Nunua tochi, iwe mahali pamoja kila siku, na ikiwaka jimulike wewe usoni, usimmulike yeye.